Muulize Bi Maktaba: "Kwani babu yangu si chanzo?"

Tangu nitaje katika safu hii kwamba baada ya kustaafu maktaba ya mkoa nimekuwa nikihariri Wikipedia ya Kiswahili, barua zimenimiminikia. Wengi ni watu walioandika makala wakafutiwa, na wamenifanya hakimu wao. Mimi si mkabidhi, yaani msimamizi wa tovuti, sina mamlaka ya kufuta wala kurudisha makala ya mtu. Nilichonacho ni miaka 31 ya kadi za katalogi, na baada yake usiku mwingi wa kuhariri hapa Chumbageni, Tanga, saa ambazo bando huwa nafuu. Mwezi huu nimechagua barua tano.

*Shikamoo Bi Maktaba. Niliandika makala ndefu kuhusu kijiji chetu cha jirani na Mlalo, wilaya ya Lushoto. Yote nilihadithiwa na babu yangu mwenye miaka 88: nani alianzisha kijiji, alitoka Upare kwa sababu gani, ugomvi wa mpaka ulikwishaje. Siku ya tatu nikakuta imefutwa, eti haina chanzo. Babu aliniuliza, "Kwani mimi si chanzo?" Nikakosa jibu. Mjukuu, Lushoto.*

Marahaba mjukuu wangu. Mfikishie babu shikamoo yangu, na umwambie hakuna aliyemwita mwongo.

Mfikirie msomaji wa Kisangani au Bujumbura aliyefungua makala yako saa tano usiku. Wewe hakujui, babu hamjui, wala hawezi kupanda basi hadi Mlalo kupiga hodi. Anachoweza ni kubofya tanbihi, ile namba ndogo mwishoni mwa sentensi, aone neno lako umelitoa wapi. Akikuta kitabu, gazeti au ripoti ya sensa, anaweza kwenda kuhakikisha mwenyewe. Akikuta "babu aliniambia", njia yake imeishia hapo. Kamusi elezo hii ina masharti matatu yanayokwenda pamoja. Jambo lolote linaloweza kubishiwa liwe na chanzo kilichochapishwa. Mwandishi asilete ugunduzi wake ambao haujachapishwa popote. Na asiegemee upande. Makala yako ilikwama kwenye la kwanza na la pili.

Nalisema hili kwa uchungu, maana masharti haya yanatubana sisi kuliko wenzetu. Kijiji cha Uingereza kina rejista za kanisa za tangu karne ya 16, kina magazeti ya wilaya, kina chama cha wapenda historia kilichokwisha kuchapisha kila kilichoandikwa makaburini. Kijiji cha Usambara kina wazee. Sharti ni moja, kabati za vitabu hazilingani. Mwaka 2011 mtafiti wa India, Achal Prabhala, aliongoza mradi wa kuwarekodi wanavijiji wa India na Afrika Kusini wakieleza mambo yao, ili rekodi zenyewe zitumike kama tanbihi. Wahariri walibishana sana, na kanuni ya jumla haikubadilika. Mimi nilikuwa upande wa Prabhala na bado nipo.

Lakini tusikae tunalia, kwa sababu hapo hapo milimani kwenu kazi hii imewahi kufanyika mara mbili. Kwanza alikuwapo Abdallah bin Hemedi, aliyeishi karibu na Wakilindi, ukoo uliowatawala Washambaa, akayaandika kwa Kiswahili masimulizi yao tangu Mbegha yule mwindaji. Habari za Wakilindi ilianza kuchapwa na wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, katika miaka ya 1890. Halafu miaka ya 1960 akaja Mmarekani, Steven Feierman, akazunguka vijijini kuwauliza wazee, akalinganisha kauli zao, na mwaka 1974 kikatoka kitabu chake kuhusu historia ya ufalme wa Washambaa. Leo ukimtaja Mbegha una kurasa za kuonyesha. Na kurasa zile zilijazwa na maneno ya akina babu vilevile! Kilichotokea ni kwamba mtu aliketi, akasikiliza, akaandika, akalinganisha, akapeleka kiwandani kuchapwa.

Kwa hiyo anza na simu yako. Mrekodi babu, umwombe ataje majina kamili na mahali: alitoka Upare sehemu gani, alimkuta nani pale, mwaka ule kulikuwa na njaa au nzige? Kisha nenda kwenye ukoo mwingine, hasa ule ambao hampatani kuhusu mpaka, ukaulize maswali hayo hayo. Usiruke hatua hii hata kama itakuchukiza. Halafu ukatafute vijitabu vya jubilei. Misheni ya Kilutheri ya Mlalo ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1891, na sharika zetu zikitimiza miaka 50 au 100 hupenda kuchapisha kijitabu, ambamo mzee fulani wa kanisa ameandika nani alikuwa nani kijijini. Nimekuta historia za vijiji vitatu vya Muheza zimejificha humo, katikati ya picha za kwaya. Ukikitumia, andika "kwa mujibu wa kijitabu cha usharika", ili msomaji ajue ni jicho la usharika lililoangalia. Ulichokusanya kutoka kwa babu kipeleke kwa mtu wa idara ya historia chuoni, au kwa gazeti linalokubali makala za historia, au mkichape wenyewe kama ukoo na mpeleke nakala maktaba. Kijitabu cha ukoo ni chanzo chepesi na wahariri watakipima hivyo, lakini kitakuwa kimeshika maneno ya babu wakati babu hayupo tena.

Wakati huo huo iandike upya makala, fupi. Idadi ya watu wa kata yenu ipo katika Sensa ya 2022. Sentensi nne zenye tanbihi nne zitabaki kama mbegu, na wengine watazimwagilia. Ile ndefu iliyofutwa haijapotea: mwombe mkabidhi yeyote akurudishie kwenye ukurasa wako wa mtumiaji uifanyie kazi.

*Asalaam aleikum Bi Maktaba. Nafundisha historia hapa Unguja. Niliandika "Mapinduzi Matukufu ya tarehe 12 Januari 1964" na "Hayati Mzee Abeid Amani Karume, Mungu amlaze mahali pema". Mtu nisiyemjua akaondoa "matukufu", akaondoa "hayati", akaondoa "Mzee", na dua akaifuta. Mimi nimelelewa kuheshimu wakubwa. Hii si dharau? Mwalimu, Unguja.*

Waaleikum salaam mwalimu wangu. Si dharau, ingawa ninaelewa kwa nini moyo ulishtuka. Mimi mwenyewe nilipoandika kwa mara ya kwanza "Nyerere alizaliwa" bila Mwalimu wala Baba wa Taifa, kidole kilisita juu ya kitufe.

Nianze na hilo la matukufu, kwa kuwa ndilo zito. Katika kisiwa hicho hicho unachofundisha kuna nyumba ambazo Januari 1964 ni sikukuu, na kuna nyumba ambazo ni matanga. Watoto wa nyumba zote mbili watafungua makala yako. Ukiandika "matukufu" umekwisha kuwaamulia. Ukiandika "mauaji" peke yake umewaamulia pia, kwa upande wa pili. Andika "Mapinduzi ya Zanzibar", kisha ueleze kwamba Serikali ya Mapinduzi huyaita Mapinduzi Matukufu na kuyaadhimisha kila mwaka tarehe 12 Januari. Hapo neno matukufu limebaki kwenye ukurasa, lakini limewekwa mdomoni mwa anayelisema. Hesabu ya waliokufa ifanyie vivyo hivyo. Makadirio yanatofautiana kwa maelfu, basi weka kila kadirio na jina la aliyelitoa, usichague linalokupendeza.

Sisi wa bara tunalo letu. Kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Wajerumani walitaja Waafrika 75,000 waliokufa, na wanahistoria wa baadaye wamefikisha 250,000 hadi 300,000, wakihesabu waliouawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Anayeandika namba moja tu ameficha nusu ya habari. Na waliopigana tuwaiteje? Nyaraka za Kijerumani zinasema waasi, mabango yetu yanasema mashujaa. Mimi huandika wapiganaji, na mahali pa kueleza wanavyoenziwa Songea hueleza hivyo waziwazi.

Kiswahili kina mitego yake ambayo kanuni zilizoandikwa kwa Kiingereza hazikuiona. Tazama "alisema" na "alidai". Ukiandika mmoja alisema na mpinzani wake alidai, umekwisha kumwambia msomaji nani anaongopa, na hukutumia hata sifa moja. Tumia "alisema" kwa wote wawili. Kuhusu Karume, heshima yake iko katika usahihi: Rais wa kwanza wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania, aliuawa kwa kupigwa risasi tarehe 7 Aprili 1972. "Hayati" haina haja pale ambapo tarehe ya kifo imeandikwa. Cheo ambacho watu wote humwitia mtu kitajwe mara moja, kwa mfano "anayejulikana sana kama Mwalimu", kisha uendelee na jina. Na dua, mwalimu wangu, iombe. Inakopokelewa haihitaji kuchapishwa.

*Shikamoo mama. Mimi ni msanii wa singeli, Dar. Meneja amepata jamaa anayetaka laki tatu aniingize Wikipedia. Nimpe? Msanii, Tandale.*

Marahaba. Usimpe.

Hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia kwamba makala itabaki, kwa hiyo anakuuzia asichokimiliki. Tangu mwaka 2014 masharti ya matumizi yanamtaka anayelipwa kuhariri atangaze hadharani kwamba analipwa na nani amemlipa. Muulize huyo jamaa kama atatangaza, umsikilize atakavyojibu. Wahariri hawaangalii wangapi wametazama video yako, wala ulichoandika wewe mwenyewe kwenye kurasa zako. Wanaangalia kama watu wasiokujua na wasiolipwa nawe wamekuandika kwa kirefu: mwandishi wa gazeti aliyekuja kwenye onyesho akatoa maoni yake, mtafiti anayeandika kuhusu singeli. Vikishapatikana viwili vitatu vya namna hiyo, shabiki wako ataandika makala bure. Usiiandike wewe wala meneja. Mkiona kosa ndani yake, semeni kwenye ukurasa wa Majadiliano na mjitambulishe ninyi ni nani. Hizo laki tatu zikalipie studio.

*Bi Maktaba, mimi mzaliwa wa Maskati, wazee wangu ni wa Unguja. Nahariri makala ya Bibi Salme bint Said. Nategemea kitabu alichokiandika mwenyewe, pamoja na kitabu cha Kiarabu. Mwenzangu anasema cha kwanza hakifai kwa kuwa ni chake, na cha pili hakifai kwa kuwa si Kiswahili wala Kiingereza. Ni kweli? Msomaji, Maskati.*

La pili si kweli kabisa. Chanzo cha lugha yoyote kinakubalika. Andika jina la kitabu kwa Kiarabu kama lilivyo, ulitafsiri pembeni, utaje ukurasa, na pale sentensi inapobishaniwa unukuu maneno ya asili kwenye tanbihi ili ajuaye Kiarabu akupime. Wewe unayesoma Kiarabu na Kiswahili ni hazina kwa makala hizi, usikubali kusukumwa kando.

La kwanza ni kweli nusu. Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye akaitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Kwa maisha ya ndani ya jumba la Mtoni, vyakula, mavazi, watoto walivyofundishwa, ni shahidi aliyekuwapo, na ni nadra kupata shahidi wa namna hiyo. Mtumie, huku ukiandika "Salme anaeleza kwamba". Lakini yanapofika mambo ya urithi wake na kaka yake Sultani Barghash, yeye ni mdai ndani ya kesi. Hapo tafuta mwanahistoria aliyesoma pande zote. Na aliyoyaandika kuhusu utumwa, akiutetea mbele ya wasomaji wa Ulaya, ni ushahidi wa mawazo ya binti wa Sultani. Usiyageuze kuwa maelezo ya utumwa wenyewe ulivyokuwa.

Jambo moja hukuliuliza, ila naliona kila wiki: mtu anachukua makala ya Kiingereza, anaipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, anahamisha na tanbihi zote thelathini. Vile vitabu thelathini hakufungua hata kimoja. Tanbihi ni kama kusema "nimeona". Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti yaliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo, na kwa miaka watu walidhani hivyo ndivyo Waskoti wanavyoandika. Nikisoma makala za Kiswahili ambamo ngeli zimevurugika kuanzia mstari wa kwanza, huwa nawafikiria Waskoti wale.

*Bi Maktaba, mimi mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nimekuta mwaka usio sahihi kwenye makala, nikaurekebisha. Mtu akaurudisha, akaweka tanbihi ya gazeti. Nina hakika gazeti lenyewe lilinakili kutoka Wikipedia! Nifanyeje? Mwanafunzi, Dodoma.*

Mwanangu, umegusa kidonda changu.

Mwaka 2012 niliandika kwenye makala moja, kutoka kichwani, kwamba reli ya Usambara ilifika Korogwe mwaka 1905. Nimekulia kando ya reli ile, baba alifanya kazi stesheni, nikaona sihitaji kitabu. Mwaka 2014 nililala kwenye nyumba ya wageni wilayani Korogwe, mezani kukawa na kijitabu cha historia ya mji. Ukurasa wa nne: reli ilifika mwaka 1905. Nikafurahi kwamba kumbukumbu yangu imepata shahidi. Nikasoma tena. Sentensi ilikuwa yangu, neno kwa neno, hata mkato niliouweka vibaya. Niliporudi Tanga nilifungua vitabu vya reli, nikaona ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, Korogwe ikafikiwa mwaka 1902. Miaka miwili kosa langu lilikuwa limeketi pale, na sasa lilikuwa na chanzo cha kuchapishwa cha kulitetea.

Sikuwa wa kwanza. Mwaka 2008 kijana mmoja wa Marekani aliongeza kwenye makala ya mnyama aitwaye koati jina alilolitunga mwenyewe, kwa Kiswahili tungesema "mhanga wa Brazili", mhanga yule mnyama mla mchwa. Magazeti yakalichukua, kisha magazeti hayo yakarudishwa kwenye makala kama uthibitisho. Na uwongo unaweza kuumiza mtu. Mwaka 2005 mwandishi wa habari mkongwe, John Seigenthaler, alikuta makala yake inadai aliwahi kushukiwa katika mauaji ya John F. Kennedy. Ilikaa hivyo zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo masharti kuhusu watu walio hai yakakazwa: jambo baya lisilo na chanzo imara linaondolewa papo hapo, bila kusubiri mjadala.

Sasa kesi yako. Bofya Historia juu ya makala, urudi nyuma toleo kwa toleo hadi uone siku ule mwaka ulipoingizwa mara ya kwanza. Linganisha na tarehe ya gazeti. Kama makala ilitangulia, gazeti haliwezi kuwa shahidi wake. Usirudishe marekebisho yako kwa nguvu, mtaishia kufutiana usiku kucha. Nenda Majadiliano, uziweke tarehe zote mbili, na uweke kitabu kilichochapwa kabla ya makala kuandikwa, pamoja na ukurasa. Kama huna kitabu bado, usiandike mwaka wako. Omba tu ule wa sasa uwekewe alama ya kuhitaji chanzo mpaka kipatikane. Kwenye muhtasari wa hariri andika kwa adabu ulichofanya na kwa nini, bila kumtaja mwenzako kwa ubaya. Pengine naye aliliamini gazeti kwa moyo mweupe, kama nilivyokiamini mimi kile kijitabu.

Ukikwama, nitumie jina la makala na tarehe ya gazeti kupitia anwani ya jarida. Jumatano huwa naingia maktaba, nitakutafutia kitabu.